Mapango ya Mlima Elgon: Mwenye Ufunguo Hana Ramani

Uhifadhi wa mazingira unapojadiliwa nchini, aghalabu husikika habari za misitu, mito, ndovu na vifaru. Pango halitajwi. Likitajwa, hutajwa kama mahali pa kupeleka watalii au kama maficho ya wahalifu, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Hata hivyo, kuna ugomvi mkongwe baina ya watu waingiao mapangoni na mashirika ya serikali yaliyokabidhiwa ulinzi wa ardhi ambamo mapango hayo yamo. Katika nchi za Magharibi ugomvi huu hupiganwa hadharani, kwa barua, kwa mikutano na kwa kesi. Hapa kwetu umejificha ndani ya ule mvutano mkubwa wa ardhi ya misitu, kiasi kwamba wengi hawajui kuwa upo. Makala hii inakusudia kuuchomoa humo na kuuweka mezani, kwa sababu yaliyomo ndani yake si mchezo: kuna uhai wa wanyama, kuna haki za watu, na kuna maradhi yanayoua.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kumwita mtu aingiaye pangoni kwa nia ya kulichunguza, kulipima na kulichorea ramani. Nitamwita mchunguzi wa mapango, ingawa jina hilo humfanya aonekane kana kwamba ni lazima awe na shahada na kofia yenye taa. Mimi nadhani mchunguzi wa kwanza wa mapango katika nchi hii hakuwa na kofia. Alikuwa mchungaji aliyefuata ng'ombe wake akaona wakilamba ukuta wa mwamba gizani, akarudi kesho na kijinga cha moto ili atazame ukuta huo unaishia wapi.

Naandika haya nikiwa Chebunyo, upande wa chini wa Bomet, mahali ambapo mashamba ya chai yamekwisha achwa nyuma na nchi inakuwa ya mahindi na mifugo. Hapa kwetu mtoto akilelewa vizuri hukua akiambiwa kwamba watu wetu walitoka Tulwop Kony, yaani Mlima wa Kony, ambao ramani huuita Elgon. Wataalamu hawakubaliani jina Elgon lilivyozaliwa: wako walihusishao na watu hao waitwao Kony, na wako walihusishao na jina la Kimaasai la mlima huo. Lisilobishaniwa ni kwamba Wakony, ambao leo huhesabiwa miongoni mwa Wasabaot, wangali wakiishi kwenye miteremko hiyo, na lugha yao ni ndugu ya lugha ya Kipsigis. Sisi wa Bomet na wao tuna neno la asili la pango, na hatukuazima kwa mtu. Kwetu ni kebenet.

Mapango ya Elgon yaliingia katika vitabu vya Wazungu mwaka 1883, msafiri Joseph Thomson alipoyafikia. Akiyatazama kuta zake zilizochongeka, aliamini kwamba yalichimbwa na taifa fulani la kale lililokuwa na ustadi mkubwa. Hakuweza kuwadhania watu aliowakuta humo. Naam, aliwakuta humo, na wageni waliomfuata mwanzoni mwa karne ya 20 waliwakuta vile vile: jamaa nzima zikiishi ndani ya mapango pamoja na mifugo yao, zikiwa zimejenga vizuizi vya miti mlangoni kujikinga na maadui. Kwa watu hao pango lilikuwa nyumba, zizi, ghala na ngome. Lilikuwa pia duka la chumvi, kwa sababu mwamba wa ndani una madini yenye chumvi ambayo mifugo huyahitaji, na watu waliubandua wakawapa wanyama wao.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo iliyolipa pango la Kitum sifa duniani. Ndovu wa Elgon huingia ndani ya Kitum usiku, hupapasa njia kwa mikonga katika giza totoro, hufika ndani kabisa, kisha huvunja mwamba kwa pembe zao na kuutafuna. Pango hilo huenda ndani kiasi cha mita 200. Mchunguzi Mwingereza Ian Redmond aliwafuatilia ndovu hao katika miaka ya 1980, na alama za pembe zilizojaa kutani zilimfanya aamini kwamba wanyama hao wana fungu kubwa katika kulipanua pango lenyewe, kizazi baada ya kizazi. Taifa la kale alilolitafuta Thomson, basi, yamkini lilikuwa na mikonga.

Tazama sasa jinsi serikali ilivyoingia. Sehemu ya mlima ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968. (Niseme kwa kupita tu kwamba neno mbuga lina maana ya uwanda mpana wa nyasi, na kuliita pori la mlimani mbuga ni mojawapo ya vituko vya lugha yetu ya magazeti.) Mapango mashuhuri, Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha, yakawa ndani ya mpaka huo. Tangu siku hiyo mtu aliyekuwa akiingia kuchukua chumvi ya ng'ombe wake akawa mvamizi, na mtu aliyelipa ada langoni akawa mgeni wa heshima. Baada ya sheria ya 1989 ulinzi ulihamia kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Upande wa juu wa mlima, Waogiek wa Chepkitale waliiona ardhi yao ikitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, wakapambana mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilipoamua kwa upande wao mwaka 2022.

Je, mapango yalihifadhika kwa kuondolewa watu? Jibu la miaka ya 1980 ni chungu. Majangili waligundua kwamba ndovu ana njia moja ya kuingilia pangoni na njia hiyo hiyo ya kutokea. Wakawavizia. Ndovu wa Elgon waliuawa kwa wingi katika miaka hiyo, na hao waliosalia wakawa waoga wa mahali ambapo mama zao waliwafundisha kulamba chumvi. Sisemi kwamba wenyeji wangaliachwa mapangoni, majangili wasingalikuja. Nasema tu kwamba pango lisilo na mwenyeji halina jicho, na askari wa lindo aliyeko langoni, kilomita kadhaa kutoka hapo, hawezi kuwa jicho hilo.

Kisha likaja jambo lililoyafanya mashirika ya serikali yaogope mapango kwa haki kabisa. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa kutokwa na damu uliotambuliwa kuwa ni virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akanusurika. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmark akafa kwa maradhi hayo hayo. Wote wawili walikuwa wamepita Elgon, na kijana huyo alikuwa ameingia Kitum. Wataalamu wa jeshi la Marekani walikuja mwaka 1988 wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, wakakamata wadudu, popo na wanyama wengine pangoni, wasipate kitu. Ilichukua karibu miaka 20 zaidi kwa watafiti kupata dalili za virusi hivyo katika popo mla-matunda aliyekamatwa Kitum mwaka 2007, habari zikachapishwa mwaka 2010.

Msomaji atasema: basi pango lifungwe, hoja imekwisha. Haijakwisha. Waganda waliyapitia haya kabla yetu na somo lao ni ghali. Mwaka 2007 wachimba madini katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa Marburg kutoka kwa popo waliojaa mgodini. Watu wakaamua kuwaangamiza popo hao. Popo wakauawa kwa maelfu, mashimo yakazibwa. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena katika sehemu hizo za nchi, na watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wachache wamerejea, na miongoni mwao kiwango cha maambukizi kilikuwa juu kuliko kabla ya mauaji. Sababu yafahamika. Kundi la zamani lilikuwa na popo wengi waliokwisha ugua wakapata kinga. Kundi jipya lilikuwa na wageni wasio na kinga, na virusi vikapata shamba changa la kulima.

Nchini humo humo, ndani ya Mbuga ya Queen Elizabeth, kuna pango la chatu na popo lililokuwa likitembelewa na watalii. Mama mmoja wa Kiholanzi alilizuru, akarudi kwao na kufa kwa Marburg mwaka 2008. Mmarekani mmoja aliyekuwa amelizuru kabla yake aliugua akapona, na ilibainika baadaye kwamba naye ulikuwa ugonjwa huo. Shirika la wanyamapori la Uganda likalifunga pango. Lakini halikuishia hapo. Pamejengwa kibanda cha kutazamia, mbali na mlango kiasi cha kumkinga mtu, ili mgeni aone chatu na popo bila kuvuta pumzi ya humo, nao wataalamu wakaendelea kuwasoma popo wenyewe. Hapo pana tofauti baina ya kufunga mlango na kufunga akili.

Ugomvi ninaouzungumzia ulionekana wazi zaidi Marekani, na inafaa tuutazame kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na nia njema. Mwezi Februari 2006, mchunguzi wa mapango alipiga picha katika pango la Howes, jimbo la New York, ikaonyesha popo wenye kitu cheupe puani. Picha hiyo ndiyo ushahidi wa mwanzo tulio nao Amerika Kaskazini wa ukungu uitwao ugonjwa wa pua nyeupe, ambao huwaamsha popo katika usingizi wao wa majira ya baridi, wakachoma mafuta ya miili yao bure na kufa kwa njaa. Kufikia mwaka 2012 idara ya serikali inayohusika ilikadiria kwamba popo zaidi ya milioni tano walikuwa wamekufa. Mwezi Machi 2009 idara hiyo iliwataka watu waache kuingia mapangoni katika majimbo yaliyoathirika na yale ya jirani. Idara ya Misitu nayo ikayafunga mapango ya misitu ya taifa katika majimbo mengi ya mashariki.

Wachunguzi wa mapango, ambao chama chao cha kitaifa kipo tangu 1941, walighadhibika. Walisema kwamba ukungu husambazwa zaidi na popo kwa popo. Kwamba wao ndio waliouona kwanza. Kwamba ukimfungia nje mwenye macho, utakayemwachia pango ni mlevi mwenye kopo la rangi, kwa kuwa huyo hasomi matangazo. Idara zikajibu kwamba ukungu huo ulitoka Ulaya na haukuvuka bahari kwa mabawa ya popo. Yamkini ulivukishwa na mtu, juu ya kiatu au nguo. Pande zote zilikuwa na sehemu ya kweli. Baada ya miaka kadhaa ya kurushiana maneno, idara kadhaa zililegeza amri za jumla: mapango yenye popo walio hatarini yakabaki yamefungwa, mengine yakafunguliwa kwa sharti la kusafisha viatu, kamba na mavazi kwa utaratibu ulioandikwa. Utaratibu huo ungaliweza kuandikwa mwaka 2009 laiti pande hizo zingalikuwa zikisikilizana.

Sitaki kuwafanya maafisa wa serikali waonekane wajinga. Serikali yoyote ina sababu za kuogopa pango. Wakati wa vita vya Mau Mau, misitu na mapango ya Mlima Kenya na Nyandarua yaliwaficha wapiganaji. Huko Elgon kwenyewe, jeshi lilipoanzisha operesheni ya Okoa Maisha mwezi Machi 2008 dhidi ya wapiganaji wa Sabaot, kila mwanya wa mlima ulitazamwa kwa shaka, na raia wasio na hatia wakapata mateso ambayo hadi leo hayajasahauliwa. Mwezi Februari 2015 polisi na wanajeshi wa Tanzania walipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, karibu na Tanga. Ofisa wa usalama akitazama mlango mweusi wa pango, haoni ndovu wala popo. Anaona asilolijua.

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Asilolijua. Mwezi Juni 2018 vijana 12 wa mpira na mkufunzi wao walinaswa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Serikali ilikuwa na wanamaji, helikopta na maelfu ya watu wa kujitolea. Ilichokosa ni ujuzi wa ndani ya pango. Ujuzi huo ulikuwa kwa wachunguzi wa mapango, akiwamo Mwingereza mmoja mkazi wa hapo aliyekuwa amelitembea kwa miaka, na ni kwa ushauri wake kwamba wapiga-mbizi wa mapangoni waliitwa kutoka Uingereza. Hao ndio waliowafikia vijana tarehe 2 Julai. Wote 13 walitolewa hai, ingawa mwanamaji mstaafu wa Kithai alipoteza maisha katika kazi hiyo. Jiulize: ajali kama hiyo ikitokea Chyulu kesho, afisa wetu atampigia nani simu?

Nimeitaja Chyulu kwa makusudi. Katika vilima hivyo kuna mfereji wa lava, yaani njia iliyoachwa wazi chini ya ardhi na uji wa volkeno uliopita na kupoa, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Kwa muda ulihesabiwa miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Walioupima katika miaka ya 1970 ni Kundi la Uchunguzi wa Mapango la Afrika Mashariki, chama cha watu wa kujitolea kilichozaliwa Nairobi katika miaka ya 1960 na ambacho Jim Simons alikuwa nguzo yake. Hao hao ndio waliochora mapango ya Mlima Suswa. Nchi hii inawiwa nao. Waliutumia mwisho wa juma wao kutambaa matumboni mwa milima wakati ambapo hakuna wizara iliyofikiri jambo hilo linastahili hata senti.

Lakini deni halimzuii mtu kulalamika. Mfereji ule wa Chyulu waliuita Leviathan, jina la nyama wa kutisha katika Kitabu cha Ayubu, kana kwamba Wakamba na Wamaasai waliochunga kando yake hawakuwa na ndimi. Huko Suswa pango moja limeitwa Bunge la Nyani, jina ambalo sina haja ya kulieleza kwa msomaji anayefuatilia siasa za Nairobi, ila nalo limetungwa kwa Kiingereza. Mtu aliyefundishwa kusikiliza majina hawezi kuyapita haya bila kusimama. Jina likibadilika, anayeulizwa habari za mahali hubadilika pia. Ramani zilichapishwa katika majarida ya Ulaya, kwa lugha ambayo mchungaji haisomi, zikawekwa katika maktaba ambazo askari wa KWS hatazifikia. Isitoshe, wachunguzi wa mapango wana desturi ya kuficha mahali milango ilipo ili waharibifu wasije. Naielewa. Lakini siri anayofichwa mwenyeji na kuambiwa mgeni si uhifadhi, ni umiliki.

Neno hifadhi lenyewe lastahili kutazamwa. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Kuhifadhi ni kulinda kitu kisipotee. Kuhifadhi pia ni kukitia moyoni: mtoto wa chuoni aliyehifadhi Kurani haifungii sandukuni, anaijua neno kwa neno, na hata msahafu ukiungua itabaki kifuani pake. Mashirika yetu yameichukua maana ya kwanza na kuitupa ya pili. Yana uzio, yana lango, yana risiti. Hayana pango moyoni. Wenye pango moyoni ni wazee wachache wa Kisabaot na wachunguzi wachache wenye futi na dira, na wote hao husimama nje ya lango.

Hapa Chebunyo neno hilo lina maana ya tatu, na msomaji wa mjini afadhali aijue. Mwaka 2018 na tena 2019, maelfu ya watu walifurushwa kutoka msitu wa Mau upande wa Narok, wengi wao jamaa za watu wa hapa. Wako waliokuwa na karatasi za ardhi walizodhani ni halali. Nikilitaja neno uhifadhi mbele ya watu wa rika la baba yangu, nyuso hufungwa. Sibishi kwamba Mau ilihitaji kuokolewa. Mito yetu inatoka huko, na nimeona jinsi msitu wa Chepalungu ulio karibu nasi ulivyokatwa. Nasema neno likishachafuka hivyo, hata jambo jema likija nalo halifunguliwi mlango.

Sheria zetu nazo zimeligawa pango vipande kama nyama ya sherehe. Lililo ndani ya mbuga ni la KWS chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Lililo ndani ya msitu wa serikali lina Shirika la Misitu. Likiwa na michoro au masalio ya kale, Makavazi ya Kitaifa yanaingia kwa Sheria ya 2006, ambayo katika maelezo yake ya urithi wa utamaduni inayataja makao ya mapangoni. Ukitaka kufanya utafiti, kuna kibali cha tume ya sayansi. Madini yaliyo ukutani ni mali ya taifa. Popo wana mwenyewe, mbolea yao ina mwenyewe. Pango kwa jumla yake, kitu kimoja chenye mlango, hewa, maji, giza na viumbe vyake, halina sheria yake. Suswa, ambako ardhi ni ya jamii ya Wamaasai na wenyeji wenyewe huwaongoza wageni, mambo huenda kwa ulaini zaidi kwa sababu moja tu: mwenye ufunguo na mwenye kulijua pango ni mtu yule yule.

Si kila kufunga ni kubaya, wala si kila mchunguzi aachiwe njia. Pango lenye popo wanaolea watoto lifungwe majira hayo. Kitum isiingiwe na mtu asiye na kinga ya mdomo na mikono, na mtu akiulizwa kwa nini, aelezwe habari za popo na virusi, asiambiwe tu kwamba ni amri kutoka juu. Ninachokataa ni amri isiyo na tarehe ya mwisho wala sababu iliyoandikwa. Kila pango linalofungwa lifungwe kwa waraka unaosema kwa nini, hadi lini, na nani atakwenda kulitazama kabla ya muda huo kwisha. Sheria ya Marekani ya 1988 kuhusu mapango ina jambo tunaloweza kuliiga bila aibu: inaruhusu serikali kuweka daftari la mapango muhimu huku ikificha mahali yalipo, ili mchunguzi atoe ramani yake bila kuhofia kwamba atakuwa amewaonyesha njia waharibifu. Kwetu daftari hilo liwe na safu moja zaidi: jina la pango katika lugha ya wenyeji, na nani aliyelitoa. Na mwenye kutoa ramani, awe profesa au mchungaji, apate haki ya kuingia na wajibu wa kurudi kila mwaka kueleza alichokiona.

Kuna watakaosema kwamba fedha hazipo. Kwa Elgon fedha zinazohitajika si nyingi. Januari huwa kikavu, njia za mlimani hupitika. Wanahitajika askari mmoja wa KWS aliyepewa ruhusa ya kuandika anachokiona, mpima mmoja mwenye dira na futi, mtaalamu wa popo wa Makavazi atakayesema mahali pa kusimama na pa kutosogea, na mzee mmoja wa Kisabaot ambaye hatatozwa ada langoni. Waanze na Makingeny, ambayo haijaandikwa sana kama Kitum, na wamwache mzee atangulie.